Shanga za Mama Kwenye Gauni la Mtoto

Mjukuu wangu Neema,

Huku Troyeville tuko wazima, ila goti langu halitaki tena ngazi. Mama yako anakusalimu sana. Cherehani imerudi kutoka kwa fundi na inaimba kama zamani.

Umeniuliza kama unaweza kushona maua ya shanga ya Mi'gmaq, wenyeji wa huko Kanada, kwenye koti lako la mtihani wa ushonaji, maana rafiki yako wa kabila hilo amekuonyesha kofia yenye ncha ya bibi yake, iliyopambwa maua hayo, nawe hulali kwa kuipenda.

Nakuelewa. Nilipokuwa kijana, fundi mgeni hapa Johannesburg, mama mmoja Mndebele aliniletea aproni ya shanga ya marehemu mama yake nibadilishe bitana. Eish, ilivyonipendeza! Nikaiga shanga zake kwenye gauni la msichana wa miaka saba, nikalitundika mlangoni kwa majivuno. Mama yule aliporudi alilitazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu mtoto amezaa watoto wangapi?"

Kumbe aproni ile huvaliwa na mwanamke aliyeolewa na kuzaa. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye alivuta kiti, tukafumua pamoja shanga moja moja, huku akinisimulia habari za mama yake.

Kwa hiyo, mpenzi wangu, mimi siye wa kuulizwa. Kofia ile ina bibi yake.

Gauni lile ninalo bado. Shanga zilitoka zote. Matundu ya sindano hayajafutika.

Bibi yako