Plasta ya mama mgongoni mwa dada

Mwenzangu uko wapi?

Unakumbuka mama alivyolia wiki nzima, mpaka nikamfokea nesi kwamba zile plasta anazombandika, za dawa kali ya maumivu, ni feki?

Si feki. Dada yangu alikuwa anambandua mama anajibandika yeye. Dada yangu wa tumbo moja!

Leo mchana nimemkuta kwenye kochi, midomo ya buluu, anakoroma kwa shida. Namtikisa, haamki. Kumwinua blauzi, naona plasta ya mama. Mgongoni! Na ameilalia chupa ya maji ya moto.

Nikaibandua, nikaita gari la wagonjwa. Daktari kasema dawa anayoihimili mama inaweza kumkata pumzi asiyeizoea, tena joto linaifanya iingie mwilini kwa kasi. Wamemchoma sindano, akazinduka.

Unajua kasemaje? “Mgongo uliniuma. Na mama siku hizi haelewi kitu.”

Haelewi kitu! Mama aliyekuwa anang'ata shuka!

Na huyo huyo ndiye aliyekuwa ananishika bega: “Jikaze mdogo wangu, ugonjwa umezidi.” Huku anajua!

Nesi nimemwomba radhi. Amembandika mama plasta mpya, kaandika tarehe juu yake, zilizobaki nimezifungia kabatini.

Sasa hivi mama ameamka, uso umetulia. Kaniambia, “Mwambie dada yako leo siumwi, asihangaike tena juu yangu.”

Nimeitikia tu, nikakimbilia jikoni.