Chumvi Niliyomtilia Saidi

Temeke, Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna, na roho yangu inawaka kulishinda jua.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya Saidi kuaibika. Nimeingoja tangu masika ya mwaka jana.

Saidi ni fundi mwenzangu karakana. Siku ile, tunakunywa uji, akasema mbele ya watu, "Huyu aliyeishia darasa la tano mpeni ndoo abebe maji. Zege lina wenyewe." Wakacheka wote. Hata mama muuza uji alicheka, na mie ndiye niliyekuwa nikimsifia uji wake.

Mie sisahau.

Msimamizi alipotaka zege la nguzo za zahanati kule ufukweni, Saidi na mie kila mtu akafinyanga tofali lake, nondo ndani. Langu saruji, mchanga na kokoto, zege la wanaume. Yeye akapunguza saruji akajazia majivu ya makaa ya mawe, yale laini kama poda yanayonaswa kwenye bomba la moshi la kiwanda. Nikamwuliza, "Unajenga au unasugua sufuria?"

Kila tofali na pipa lake la maji ya chumvi. Linalowekwa, linaanikwa, linarudishwa. Nondo ya nani haitashika kutu, huyo ataongoza kazi ya zahanati.

Sasa shajara, funga mdomo. Pipa la Saidi nililiongezea chumvi. Kila nikipita, konzi moja. Pipa langu sikuligusa.

Leo msimamizi kashika nyundo. Langu kwanza. Nondo ikatoka nyekundu, inamenyeka kama muhogo wa kuchemsha.

La Saidi likapasuka. Nondo safi, kama imetoka dukani jana.

Saidi hata hakucheka. Alinigusa bega tu. "Pole, bwana mdogo. Ndoo yako ipo."

Bora angecheka.

Lakini msimamizi akatikisa kichwa. "Majivu yaishinde saruji? Hii bahati, ndugu zangu. Tutarudia." Saidi akanywea palepale, na mie moyo ukanirudi.

Maana karakana nzima ni mie peke yangu ninayejua kwamba si bahati. Nondo ya Saidi imelala kwenye chumvi kali kama ya kukaushia papa, ikatoka inang'aa. Nikifungua mdomo, Saidi kesho anaamka mfalme.

Basi sifungui.

Turudie. Safari hii chumvi sawa kwa sawa, sitamwongezea hata chembe. Ila uvunguni mwa kitanda changu kuna debe la majivu yake, nimelichota jioni hii, na hapa naandika huku napiga chafya.

Nondo yangu ikitoka safi, Saidi atakuja kuniuliza nimetia nini. Nitamwambia nimetia elimu ya darasa la tano.