Shemeji Yako Amelala Kifudifudi

Mdogo wangu wa pekee,

Mungu akutunze. Sisi tunasukuma siku, ila shemeji yako atanitia wazimu. Tangu astaafu akanunua kamera ya kupigia picha vitu vidogo, anashinda kifudifudi bustanini, pumzi kaibana, eti ua lisitikisike. Wadudu wanamaliza mboga zangu, nikitaka kuwatoa, "Subiri, mama watoto, wamekaa vizuri!"

Mwezi uliopita nilimwita chai, kimya. Nikamsimamia kichwani nikamsema mpaka nikachoka: "Huyo sisimizi ndiye mkeo?" Nikarudi ndani nikanywa yangu. Kumbe mwenzangu amezimia, moyo umegoma. Jirani ndiye aliyeona kamera imeanguka na mtu haiokoti.

Hospitali walimwahi, Mungu ni mwema. Na leo, utaamini? Yuko palepale chini! Nimemwambia, "Lala utakavyo, lakini utikise mguu nikuone."

Nakuandikia nikiwa dirishani, macho kwenye kisigino chake. Kikitulia kidogo nagonga kioo, naye anafoka kwamba nimemfukuzia kipepeo. Acha afoke, mdogo wangu. Kila akifoka, nasema amina.

Ni mimi dada yako, nisiyekaa chini siku hizi.