Kivuli cha Mpiga Picha Chini ya Miti Myekundu

Jumapili, 5 Oktoba

Karakana nimeifungua saa kumi na mbili na nusu, kama kila siku. Patasi tatu nimezinoa. Meza ya mwalimu wa Al Qabil imebaki mguu mmoja. Saa nne Mama Rahma kaleta chai na mkate wa ufuta. Hatujamaliza vikombe, lori kutoka bandari ya Sur likaingia na mbao za lile tangi la maji nililonunua kwa simu bila kuliona. Tangi kuukuu, la kiwanda kilichovunjwa. Nilidhani msaji.

Si msaji. Si mninga, si mkangazi, si mfenesi. Kwa nje nyeusi, zimechakaa. Nimepitisha randa mara mbili tu, chini ikatokea rangi nyekundu kama tende ya khunaizi inapoanza kuiva mtendeni. Nyepesi. Ubao wa futi kumi na mbili nimeunyanyua kwa mkono mmoja, na mgongo wangu ndio huu. Ukucha unaingia. Laini hivyo, na zimekaa majini miaka yote hiyo hazina hata pembe iliyooza. Miaka thelathini na tatu mimi seremala, na sijui huu ni mti gani. Wallahi nimefurahi kama niliyeletewa mgeni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimehesabu mistari kwenye kichwa cha ubao. Upana wa vidole vinne, mistari tisini na sita. Mstari mmoja mwaka mmoja. Vidole vinne tu, na umri wa mtu umekwisha.

Nimempelekea Rahma picha. Mwanangu huyu yuko California mwaka wa pili sasa, anasomea mambo ya maji. Kajibu kwamba miti hiyo iko huko huko kwao, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka wanapokaa. Jina lake mti mwekundu, basi, wenye nchi hawakujisumbua zaidi. Kasema Jumamosi yeye na wenzake wanakwenda kuiangalia, atanipigia picha.

Nimemwambia: kila mti weka mtu chini yake. Bila mtu sitajua ukubwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Meza ya mwalimu imekwisha. Mbao nyekundu sijazigusa kwa msumeno. Nazizunguka tu. Mama Rahma kauliza kama nataka aniletee godoro nilale nazo.

Jumapili, 12 Oktoba

Picha zimefika asubuhi, kumi na moja. Subhanallah.

 Shina moja limejaa picha nzima, na chini yake wasichana watatu kama vifungo vya kanzu. Rahma wangu katikati. Kulia Shamsa, anayekaa naye nyumba moja, watu wao ni wa milimani, Dima wa Tayyin. Kushoto Nurul, Mmalaysia. Wameshikana mikono wakanyoosha, hawakuziba hata robo ya mti. Picha nyingine mti uko wazi tumboni, umeungua zamani, na wote watatu wamesimama ndani na nafasi imebaki ya ng'ombe. Nyingine mti ulioanguka umekatwa watu wapate njia. Uso wa pale ulipokatwa ni mwekundu, rangi ile ile iliyo mezani kwangu. Nimeinua ubao nikauweka kando ya simu. Ndugu hawa.

Mwenyezi Mungu anaumba kitu kama hiki, kisha mtu anakikata anakifanya tangi, tangi linafika Sur, mimi nakaa nalo Ibra. Nimewaza haya mpaka Adhuhuri. Kazi haikufanyika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimezirudia picha moja moja kwa utulivu. Kuna kitu.

Wasichana watatu wamo kwenye picha zote. Zote. Kumi na moja. Basi nani anapiga?

Picha ya saba, pale jua limepenya. Kwenye majani makavu kuna kivuli kinaanzia chini ya picha kinakwenda mpaka karibu na miguu yao. Viwiko vimeinuliwa, kashika simu. Hana mtandio. Kavaa kofia yenye ukingo. Mabega mapana.

Sijamwambia Mama Rahma.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda duka la picha karibu na soko, nikatoa ile ya saba kwa karatasi kubwa. Nimefunga mlango wa karakana. Rula, bikari, penseli. Rahma ni futi tano na inchi mbili, najua, mimi ndiye niliyemwekea alama ukutani kila Idi. Nimempima Rahma kwenye karatasi, nimekipima kivuli, nikagawanya kama ninavyogawa mlango. Imekuja futi sita na nusu.

Mwanamume. Tena jitu.

Mama Rahma kanikuta na karatasi. Kaiangalia, kaniangalia mimi.

"Baba Rahma, wewe siku hizi fundi au polisi?"

Nimemwonyesha hesabu. Kacheka kidogo, kisha kaigeuza karatasi uso chini. Kasema, "Muulize mtoto taratibu." Nikamwambia nitajua la kufanya. Nina hasira. Nina woga zaidi kuliko hasira.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwandikia. Sikumsalimia. Nani huyo mwanamume anayekuchukua maporini, mrefu wa kofia? Nimekupeleka kusoma au kutembea? Jibu leo, au mwisho wa muhula unarudi na husomi tena.

Tiki zimekuwa buluu baada ya dakika tatu. Kasoma. Hakujibu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakujibu. Mkono umeteleza, nimechana kidole kwa patasi. Kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya sala nimepiga simu mara mbili. Inaita. Khatibu kazungumza habari ya dhana mbaya, nikajiona mimi ndiye niliyeitiwa msikiti mzima. Chakula sikukimaliza. Mama Rahma kaiondoa sahani. 

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo Mama Rahma kasema. Tulikuwa jikoni, anachambua mchele.

Mwanamume huyo yupo. Jina lake Haitham, kaka yake Shamsa, anasoma chuo hicho hicho. Ndiye mwenye gari, na haendi nao popote dadake asipokuwepo. Mama yao kampigia Mama Rahma simu toka mwezi wa nane kuuliza habari za binti yetu. Wamekuwa wakizungumza wanawake kwa wanawake, kama ilivyo ada, mpaka kieleweke kama kuna jambo au hakuna. Likiwepo jambo, ndipo baba yake Haitham aje kwangu. Alikuwa aje wiki hii inayoingia.

"Wewe ukaruka ukuta wakati mlango unakuja kufunguliwa," kasema. Hakupandisha sauti.

Nikauliza, na Rahma alijua?

Alijua. Alingoja mzee aje kwa heshima, baba yake asije akaona kafanyiwa jambo nyuma ya mgongo. Sasa kamwandikia mama yake: kama Baba ananiona hivyo, simtaki Haitham wala mtu mwingine, na chuo nakiacha mwenyewe.

Nafasi ya kusoma, mwaka wa pili huu. Aliyoipata kwa kichwa chake.

Nimetoka nikakaa karakana bila kuwasha taa. Halafu nimeichukua tena ile picha ya saba. Mimi mjinga kweli. Kivuli kilicho karibu na simu lazima kiwe kikubwa kuliko mtu aliye mbali. Nimeipima picha kama ubao, kana kwamba wote wamesimama mstari mmoja. Mwanafunzi wa wiki mbili ningemgombeza kwa kosa hilo.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama Rahma kampigia, kamjibu yeye. Mimi kwenye simu hakutaka. Nimesikia sauti yake kwa mbali, ya mafua. Alikuwa analia.

Wale watu wa Dima hawajui lolote la ugomvi. Wanakuja kesho.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamekuja. Mama yake Haitham kaingia ndani kwa wanawake. Mzee, jina lake Hamad, kakataa kukaa majlisi, chumba cha wageni, kasema kasikia nina mbao za ajabu, anataka kuziona kwanza. Mtu wa milimani, mkavu, bakora mkononi, chupa ya asali kwapani. Anafuga nyuki kwenye magogo ya mtende. Kiswahili hajui, tumesema Kiarabu.

Nilitegemea aniulize kabila. Sisi tuliozaliwa na watu wa Unguja tumezoea kuulizwa, kwa mdomo au kwa macho. Yeye kachukua ubao mwekundu kaunusa, kaugonga kwa kifundo cha kidole kasikiliza. Nikamwonyesha picha ya mti ulio wazi tumboni. Kaishika simu kwa mikono miwili. 

"Humu," kasema, "nyuki wangapi?"

 Kaanza kukisia mwenyewe asali yake, kwa ratili, akafika mahali akaacha, kasema asali yote ya Dima haijazi mti huo mmoja. Nimecheka, mara ya kwanza siku tano.

Halafu kaniangalia pembeni. Mkewe keshamwambia, maana jana usiku Mama Rahma kamweleza yote kwa simu; wanawake hawafichani kitu. "Nasikia mwanangu umempima kwa kivuli, ukampa futi sita na nusu. Nimefurahi. Nilipomwacha uwanja wa ndege alikuwa ananifika begani."

Na Mzee Hamad mwenyewe ananifika mimi puani.

Aibu nimeiona, lakini aibu ya kucheka, si ya kudharauliwa. Tumekunywa kahawa. Baada ya kikombe cha tatu akatikisa kikombe kuonyesha imetosha, akakaa sawa, akaposa. Kwa maneno machache, mazuri.

Nimeona njia mbili, na zote mbaya. Nikisema ndiyo, Rahma atasema babake kamtupa kwa watu ili afute shaka zake. Nikisema hapana, nimeuvunja moyo wake kwa sababu ya hesabu yangu mbovu. Nikasema lililo kweli: lazima aulizwe mwenyewe, na hivi sasa kanikasirikia, kwa haki.

Mzee kaitikia kwa kichwa. Kasema bila ya ridhaa yake yeye pia hataki, hakuja kuchukua mbuzi. Atakaa hapa Ibra kwa shemeji yake mpaka Ijumaa.

Nimempa ubao mmoja. Anataka kujaribu mfuniko wa mzinga.

Jumanne, 21 Oktoba

Asubuhi sikufanya kazi. Nimeandika nikafuta, mara nne. Mama Rahma kapita nyuma yangu kaniwekea chai. Mwisho nimeandika hivi:

Assalaam alaykum Rahma mwanangu. U hali gani? Umekula? Mafua yamepungua? Mimi nilikuhukumu kwa kivuli na nikakosa. Nilikuwa na ulimi wa kukuuliza, sikuutumia. Nisamehe. Chuo ni chako, hakuna wa kukutoa, na usijitoe kwa ajili yangu. Baba yake Haitham kaja kuposa, mtu mwema. Ukimtaka sema. Usipomtaka sema. Jibu lolote utakalonipa nitalipeleka mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na hutosikia lawama, si leo si baadaye. Picha zako ni nzuri mno. Nijibu upesi, hata neno moja.

Nimetuma saa kumi, baada ya Alasiri. Kwao giza bado. Akiamka kusali ataiona.

Nimefagia karakana. Simu nimeiweka juu ya ubao, kioo kikitazama juu, nimevuta kiti nangoja jibu lake.