Kama Upo, Amina

Mwenzangu wee, umeme umekatika, gizani nasikia mfuniko wa sufuria inayochemka jikoni tu ukigongagonga.

Leo ibada ya nyumbani ilikuwa kwangu, mchungaji na mkewe wakiwepo. Nikaongoza maombi, ulimi ukateleza: "Bwana, kama upo, utusikie."

KAMA UPO! Na wote wakaitikia, "Amina!"

Mama mchungaji akanikazia macho: "Ifute kauli hiyo, la sivyo usahau kufundisha watoto Jumapili."

Sikuifuta ng'o! Nikamwambia, "Mama, nina mashaka, na Maandiko mengine yananishinda, lakini bado naomba. Au nimwombe Mungu kwa uongo?"

Baba mchungaji akakohoa tu. Ndipo mwanangu, mdomo umejaa mkate, akasema kwa sauti: "Lakini baba mchungaji naye alisema amina."