Lenzi Mpya Imempenda Marehemu

Jumanne, mwezi wa kumi, Tabora

Asubuhi nimeamka mfalme. Jioni hii ni kituko. Nimejifungia chumba cha nyuma cha studio naandika haya kwa vidole viwili, maana nikitoka nje nitaulizwa, "Mzee, lenzi mpya vipi?" na jibu nililonalo si la kusemwa mbele ya watoto.

Lenzi yenyewe iliingia juzi kwa basi kutoka Dar, imeviringishwa kwenye nguo kama kichanga. Ameituma binti yangu aliyeolewa Muscat. Ndiye aliyenipa na kamera, hii ya fomati ya kati, ambayo kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa kuliko cha kamera za vijana wa harusi. Nawaambia hivyo kila ninapokutana nao. Hata kama hawajauliza.

Lenzi ya zamani nayo ilikuwa inajifokasi yenyewe, ila kwa mwendo wa karani anayerudi kutoka kunywa chai. Unabonyeza, inakoroma, inakwenda mbele, inarudi, inafikiri. Wateja walidhani ni tumbo langu. Bibi mmoja wa Sikonge aliwahi kuniambia, "Baba, nenda ukale kwanza, tutasubiri." Kwa hiyo niliposikia limetoka toleo jipya lenye mota nyingine, ya haraka na isiyo na kelele, niliisumbua Muscat mpaka mkwe wangu akawa anazima simu.

Sasa niieleze inavyofanya kazi, japo nilivyoelewa mimi. Kamera inatafuta jicho la mtu. Lenzi ndiyo miguu yake. Ile ya zamani ilikuwa na miguu ya mzee kama mimi, jicho inaliona lakini kulifikia ni shughuli. Hii mpya inaruka. Kiboksi kidogo cha kijani kinalidaka jicho na hakiliachii. Nimeijaribu kwa muuza maji, kwa paka, na kwangu mwenyewe kwenye kioo. Wote tumetoka safi, nyusi unazihesabu moja moja.

Babu wa babu yangu alitoka Umanyema na msafara, pembe ya ndovu begani, akafika hapa Unyanyembe akasema sisogei tena. Mimi nimezunguka mtaa mmoja na lenzi shingoni nikatembea kama niliyembeba tembo mwenyewe.

Ndipo leo akaja Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mjane wa rafiki yangu Maganga, aliyekuwa mtu wa reli. Maganga alitutoka mwaka jana. Kesho asubuhi mama huyu anapanda treni kwenda Dodoma kuishi kwa mwanawe, Kulwa, ambaye amesema hataki tena kusikia mama yake analala peke yake. Hatarudi. Hakuna aliyelisema neno hilo lakini nyumba imeshapata mpangaji. Alikuwa anataka picha moja tu ya kwenda nayo.

Amekuja amevaa ile fulana nyeupe ya arobaini, yenye uso wa Maganga kifuani, mkubwa kama sinia.

"Shikamoo, fundi wa Muscat."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kupigwa picha au kuolewa?"

"Kwanza tuone kama macho yanafanya kazi. Kuhusu mengine mkeo alishatuambia."

Huyo ndiye shemeji yangu. Ukimrushia moja anakurudishia mbili.

Umeme ulikuwa umekatika, nikamkalisha kando ya dirisha. Nikaifungua lenzi mdomo wote, wazi kabisa. Kamera hizi kubwa ukizifungulia hivyo, nyuma kote kunakuwa ukungu kama maziwa na uso unasimama peke yake. Lakini hapo hapo ndipo pana mtego: sehemu inayotoka safi ni nyembamba mno. Jicho likiwa safi, sikio limeshaanza kuaga.

Nikainua kamera. Kiboksi cha kijani kikaruka moja kwa moja kikamdaka Maganga.

Nikabonyeza. Maganga katoka safi, hadi nyuzi za fulana zinaonekana. Juu yake kuna uji wenye kilemba. Huo uji ndio Mama Kulwa.

"Usipumue, shemeji," nikasema. Hakupumua. Maganga naye hakupumua, yeye hana shida hiyo. Nikabonyeza tena. Maganga.

Nikainama. Maganga. Nikapanda juu ya kigoda. Maganga. Nikamwambia shemeji atazame dirishani, kiboksi kikamwendea kidogo, kikamwonja, kikarudi kwa mumewe. Na sababu naielewa. Yeye macho yake ni madogo, kope nzito, na leo yalikuwa yamechoka kwa kufunga mizigo. Maganga wa kwenye fulana kakodoa kama aliyeshikwa bila tiketi.

Nikataka kuizima hiyo akili ya kutafuta macho. Menyu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la sita siku mwalimu alipohamishwa. Tena juzi wameniambia niisasishe kamera ili ielewane na lenzi, nikaisasisha, basi kila kitu kimehama chumba. Nikapiga Muscat. Haipokelewi. Nikajaribu kufokasi kwa mkono kama zamani. Pete ya lenzi hii inazunguka tu, haina mwanzo wala mwisho, na macho yangu nayo ni toleo ambalo halitengenezwi tena.

Nilimtukana Maganga kwa jina lake na la ukoo.

"Mtukane taratibu," akasema Mama Kulwa. "Yuko kazini."

Nikapata wazo. Nikamwambia ajitande kanga, amfunike huyo bwana. Akanitazama, akajitanda. Kiboksi kikaruka kwenye jicho lake hapo hapo. Nikabonyeza.

Katika maisha yangu yote sijawahi kupiga picha kama ile. Kila mkunjo wa uso upo. Unyevu wa jicho upo. Nilicheza, na magoti yangu haya. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

Akaitazama sana.

"Huyu nani?"

"Wewe! Nani mwingine mzuri hapa?"

"Naona ni mimi. Nimekuja peke yangu?"

Sikumwelewa. Akaniuliza, "Shemeji, miaka yote ukinipiga picha hapa, mwenzangu alikuwa anasimama wapi?"

Nikajibu, na nilipokuwa najibu nikasikia ninachosema. Nyuma yangu. Maganga alikuwa anasimama nyuma ya bega langu, anavuta masikio, anatoa ulimi, analia kama mbuzi, ili mkewe acheke. Ninazo picha za Mama Kulwa anacheka za kutosha kujaza sanduku. Ya wao wawili pamoja sina. Hakuna mtu anayo.

"Basi leo nimemleta mbele," akasema.

Tukarudia bila kanga. Safari hii nilijitahidi kweli, jasho likanichuruzika mpaka kwenye kamera. Maganga. Maganga. Mama Kulwa, lakini Maganga akawa ukungu kama moshi wa kuni. Maganga. Wote wawili kwa pamoja, hapana.

Mwishowe akainuka, akajikung'uta.

"Basi, shemeji, imetosha. Nikamalize kufunga mizigo."

Hakugomba. Afadhali angenitukana, tumezoeana kwa matusi. Ameniaga kwa adabu, na adabu ya shemeji yangu inauma kuliko kofi.

Umeme umerudi alipokwisha kuondoka, bila shaka. Nikazimwaga picha kwenye kompyuta, nikaanza kulaani upya: lenzi, mota, Muscat, aliyebuni fulana. Nikamkuza Maganga mpaka akajaa kioo chote.

Ndipo nikakumbuka kuwa picha ile ya kwenye fulana niliipiga mimi.

Nilimpiga kwa ajili ya kitambulisho cha kazi, hapo uani, juani, kwa kamera ya filamu isiyo na mota wala akili. Waliochapisha fulana wamekata uso tu, lakini picha nzima ninayo. Nimeitoa sandukuni sasa hivi. Maganga safi. Ukuta nyuma yake safi. Msumari ukutani, safi. Kamba ya nguo, safi. Kila kitu, kwa sababu siku zile nilikuwa namtoa mteja juani, naubana mdomo wa lenzi ukawa tundu dogo, basi. Ukiubana, karibu na mbali vyote vinatoka.

Nikakaa chini.

Kutoka kifuani kwa Mama Kulwa mpaka usoni kwake si mbali. Ningembeba na kiti chake nikamweka uani, nikaubana mdomo wa lenzi, wangetoka wote wawili. Hata kama kiboksi kingechagua kuku. Jambo hili nalijua tangu sijaota ndevu.

Sikulifanya kwa sababu nilitaka ukungu. Ule wa maziwa. Nilitaka kuitundika picha ile dirishani vijana wa harusi wapite waione wakose usingizi. Shemeji yangu alikuja kutafuta mume, mimi nikawa natafuta ukungu.

Lenzi haina kosa. Nimeliandika hapa mara moja na mbele ya watu sitalisema.

Nimemtumia ujumbe: "Shemeji kesho nakuja stesheni mapema kabla hujapanda. Tutapiga pale nje juani. Vaa fulana."

Akakawia. Nikajua anakawia ili kunikomesha. Kisha simu ikalia: "Nimeshaifua. Ndiyo kwanza naianika."

Nikaanza kumwandikia pole. Ikalia tena: "Ikiwa mbichi nitavaa hivyo hivyo. Wewe njoo na akili, kamera hata ukiisahau."

Basi betri iko kwenye chaji. Mdomo wa lenzi nimeshaubana, na hapo kwenye pete ya kuubania nimepiga plasta ili nisishawishike.

Mungu, au Maganga, yeyote kati yenu aliye karibu na kamba ile ya fulana: naomba upepo kidogo tu.