Mfuko wa Upande wa Kushoto

3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Mguu umepoa? Kikohozi kimekuacha ulale? Mimi mzima, gereji inaendelea.

Mwezi ujao mimi na wenzangu watano tunasafiri kwa pikipiki siku tisa, tukilala kwenye mahema. Mvua itatukuta njiani. Nimezunguka maduka mpaka nimechoka. Kuna masanduku ya bati yanayofungwa kila upande wa tairi la nyuma, kuna mabegi ya kukunja mdomo, kuna ya zipu ambayo muuzaji anaapa hayapitishi maji. Wewe umeshona maturubai ya malori maisha yako yote. Nichukue lipi?

Na nina ombi. Mwisho wa safari kuna fundi anayekuza picha za zamani. Nilipokuja mara ya mwisho nilikuona umeipeleka picha ya mama dirishani, umeisogeza karibu na pua. Nipe nikaikuze, umwone vizuri. Nitailinda.

Mjukuu wako

17 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mguu uko palepale, kikohozi kilihama, kimerudi na mizigo yake. Salamu zimekwisha.

Una nyumba yenye paa, unakwenda kulala porini kwa hiari yako. Babu yako alilala porini kwa sababu lori lilikuwa limekufa, akarudi anatukana. Lakini umekua. Ngozi ni yako, mbu ni wako.

Sasa sikiliza. Sanduku la bati likigongwa mara moja mfuniko haukai tena, na ukianguka litakubana mguu. Zipu ni mdomo wa mlevi, hata ukifungwa unavuja. La kukunja mdomo mara tatu ndilo begi. Ila maji hayapitii mdomoni tu, yanapita kwenye matundu ya sindano. Mshono ukunjwe mara mbili, kisha kila tundu lizibwe kwa nta ya moto, moja moja. Huyo muuzaji wako anayeapa amewahi kuungua kidole kwa nta?

Usinunue. Nimekushonea kwa turubai la kijani nililoliweka tangu siku niliyoacha kiwanda. Usiache mbachao kwa msala upitao. Picha nimeitia mwenyewe, mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Usiihamishe. Na kuhusu dirishani, macho yangu hayana kitu. Nilikuwa natafuta mwanga.

Najua wenzako watakwambia ulijaze maji, ulining'inize, umwage majivu chini uone kama linadondosha. Kiwandani walipimwa hivyo wanagenzi. Mimi miaka thelathini na mmoja msimamizi hakunipima hata siku moja. Usije kunipima wewe niliyekufuta kamasi.

Picha ni hiyo moja. Tangu tumzike mama yako sina uso wake mwingine.

Bibi yako

30 Machi

Bibi,

Shikamoo. Begi limefika. Nilikuwa nimeshanunua la zipu, nimelirudisha dukani. Wenzangu wameshika mishono yako, mmoja ameuliza kama unapokea oda. Walitaka tulijaze maji. Nimewaambia bibi yangu hapimwi.

Tunaondoka keshokutwa.

Mjukuu wako

24 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama, namshukuru Mungu. Mvua ilitunyeshea siku nne mfululizo, mahema yakawa mabwawa. Begi lako halikupitisha hata tone. Picha nimeiacha kwa fundi, ana foleni ndefu. Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako

9 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo hata mguu unanisikiliza.

Barua yako nimemsomea jirani mara mbili. Yeye ndiye aliyesema nimezeeka, niuze cherehani. Siku hizi akipita anainamisha kichwa.

Mkunga wa hapa, yule anayewafuata wazazi kwa pikipiki, amekuja kuomba begi kama lako la kutilia kadi na dawa. Nimempa jana. Alitaka kulijaza maji kwanza. Nikamwambia mjukuu wangu ameshapima lake kwa mvua ya siku nne.

Picha itakuja lini?

Bibi yako

6 Juni

Wewe,

Sijambo, kama ulitaka kujua. Mwezi mzima kimya. Huyo fundi anakuza picha au anakuza watoto?

Bibi yako

20 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe, kazi zimenibana. Fundi anasema bado kidogo.

Mjukuu wako

15 Julai

Mjukuu wangu,

Leo sikuulizi hali.

Mvua ya juzi ilimkuta mkunga njiani. Kadi za wazazi arobaini zimekuwa uji, na dawa amezitupa. Hakunigombeza. Aliliweka begi mezani, akasema, "Mama, nadhani limeingia maji kidogo." Heri angenitukana. Jirani alikuwa mlangoni, amesikia.

Alipoondoka nilifanya kazi ya mwanagenzi. Nililijaza maji, nikalining'iniza kwenye boriti, nikamwaga majivu chini. Sikuhitaji macho, nililisikia linadondosha. Nikapitisha ukucha kwenye mshono. Upande wa kulia nta imekaa. Upande wa kushoto nimehesabu matundu kumi na tisa yako wazi, nami niliapa nimeyaziba. Lako nililishona kabla ya hilo, kwa macho hayahaya.

Basi hakuna fundi. Hakuna foleni.

Nilikukataza usipime. Hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini wewe uliuona ufa ukanificha. Ungeniambia Aprili, "Bibi, begi limevuja," ningelia, ningekutukana, ningeweka sindano chini. Mkunga asingeaibika mbele ya wazazi. Ulinibembeleza kama kitoto, na mimi nikatembea mtaani nimeinua shingo, watu wananitazama.

Kilichobaki kwenye ule mfuko nitumie. Kiwe chochote.

Bibi yako

1 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Sina cha kujitetea.

Siku ya tatu ya mvua nilifungua mfuko wa kushoto, nikakuta maji. Nilipoishika picha, uso wa mama ulitoka ukabaki kwenye kidole changu. Nilikaa hemani nimeinua kidole, sijui nikifute wapi. Nikikwambia, utaacha kushona, na ukiacha kushona utakaa tu kitandani. Hayo ndiyo niliyojiambia. Pia nilikuogopa.

Karatasi iko humu. Nisamehe.

Mjukuu wako

19 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Imefika.

Limebaki bega moja na ukosi wa gauni. Gauni lile nililishona mimi, na ule mshono haujaachia mpaka leo. Kuhusu uso, umeshaandika ulikokwenda.

Msamaha unaouomba sina kwa sasa. Nikiupata nitakuandikia, na nikikawia ujue bado nautafuta. Usije. Ukija nitakupikia, tutaongea habari za mguu, nawe utaondoka ukidhani yamekwisha.

Cherehani nimemwuzia jirani. Amefurahi.

Kanunue begi la dukani, lile la kukunja mdomo. Kabla hujalifunga kwenye pikipiki lijaze maji, lining'inize, mwaga majivu chini, ukae hapo utazame. Hata ukiambiwa limeshonwa na bibi yako.

Bibi yako